Mti Mkongwe wa Barabarani: Kusoma Dalili, Kupata Sababu na Kuubadilisha Bila Kuacha Mtaa Mtupu

Kila msimu wa mvua kubwa jijini Nairobi huacha matawi yakiwa yamelala juu ya magari, nyaya za umeme zikiwa zimekatika, na wakazi wakidai kwamba miti yote ya mtaa ikatwe kabla haijaua mtu. Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu mti wenye kimo cha ghorofa nne ukianguka hauchagui wa kumwangukia. Hata hivyo, uamuzi unaofanywa siku moja baada ya tawi kuanguka mara nyingi huuondoa mti uliokuwa mzima na kuuacha uliooza, kisha mche unaopandwa mahali pale hufa kwa sababu ileile iliyoudhoofisha mti wa kwanza. Dalili huonekana kwenye matawi na majani, ilhali sababu kwa kawaida imo ardhini, tena imeletwa na watu. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kamati za mitaa midogo, yenye barabara moja au mbili na isiyo na mtaalamu wake wa miti, ili zitafute sababu kwanza na kuita msumeno baadaye.

Ukaguzi wa kwanza

Ukaguzi huu hauhitaji vifaa vya gharama. Nyundo ya mbao, bisibisi ndefu, futi ya kupimia, timazi (uzi wenye kizito cha kupimia wima) na simu ya kupigia picha vinatosha. Anzieni kwenye mizizi, mpande na shina, mmalizie kwenye matawi ya juu, nanyi mzunguke mti mzima, kwa kuwa ubovu mwingi hukaa upande unaotazama ukuta, ambako hakuna apitaye. Kila mti upewe nambari katika daftari la kamati, pamoja na jina lake, mzingo wa shina na picha zenye tarehe, maana bila kumbukumbu hakuna awezaye kusema kama ufa fulani ni wa mwaka huu au wa miaka kumi iliyopita.

Tahadhari moja inauhusu mjakaranda, mti wa asili ya Amerika Kusini ambao umekuwa sehemu ya sura ya Nairobi. Mti huu hupukutisha majani katika miezi ya ukavu, kisha huchanua kati ya Septemba na Novemba, mara nyingi kabla majani mapya hayajatoka. Kamati inayokagua mwezi wa Agosti inaweza kuiandika miti mizima katika orodha ya iliyokufa. Kwangueni gome la kitawi chembamba kwa ukucha: rangi ya kijani na unyevu chini ya gome ni ishara kwamba kitawi kingali hai, bali rangi ya kahawia na ukavu katika vitawi vya pande zote za mti ni habari nyingine.

Ncha za matawi ya juu zinakauka

Hii ndiyo dalili inayoonekana mara nyingi zaidi na ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Majani ya kileleni huwa madogo na haba, kisha vitawi vya mwisho hubaki mifupa mitupu, huku matawi ya chini yakiendelea kuwa na majani. Wengi husema mti umezeeka. Umri una sehemu yake, lakini mti unaokauka kuanzia juu kwa kawaida ni mti usiofikiwa na maji ya kutosha, na swali la kuuliza ni nini kilichotokea kwa mizizi yake.

Sehemu kubwa ya mizizi ya mti hukaa katika sentimita 60 za juu za udongo na hutanda mbali kuliko kivuli cha matawi yake. Mtaro uliochimbwa kwa ajili ya bomba la maji au waya wa intaneti, hata kama una upana wa jembe moja tu, unaweza kukata theluthi moja ya mizizi hiyo kwa siku moja. Athari yake haionekani mara moja; huweza kuchukua miaka kadhaa, na wakati huo mkandarasi ameshaondoka na mtaro umeshasahaulika. Kwa sababu hiyo, mkiona ukavu uko upande mmoja wa mti, tafuteni alama ya mtaro wa zamani upande huohuo. Ukavu ukiwa pande zote, tazameni ardhi yenyewe: je, magari huegeshwa juu ya mizizi, udongo ukashindiliwa hadi maji ya mvua hayapenyi? Je, kabro, yaani matofali ya kutandikia njia, zimepangwa hadi kugusa shina? Je, kifusi cha ujenzi kilimwagwa hapo, kikafunika mahali shina linapopanuka na kuanza kugawanyika kuwa mizizi? Shina linaloingia ardhini likiwa limenyooka wima, bila kupanuka hata kidogo, karibu kila mara limefukiwa.

Kuna kanuni rahisi ya kukadiria eneo la kulindwa: pimeni kipenyo cha shina kwenye kimo cha kifua, mkizidishe mara kumi na mbili. Mti wenye kipenyo cha sentimita 50 unahitaji mita sita kila upande ambamo hapachimbwi wala hapaegeshwi gari. Katika barabara nyembamba za South B au Kileleshwa nafasi hiyo haipatikani yote, lakini kila mita inayorudishwa ina faida. Ondoeni kabro kuzunguka shina, chomeni ardhi kwa uma wa shambani bila kuipindua, tandazeni majani makavu au vipande vya mbao kwa unene wa sentimita tano hadi kumi bila kugusa gome, na mmwagilie maji mengi kwa nadra badala ya machache kila siku. Kateni matawi yaliyokufa peke yake. Mti uliopoteza mizizi unayahitaji majani yote uliyobaki nayo, na kuupunguza zaidi ili “upumzike” ni kuudhoofisha.

Iwapo mjakaranda usio na majani unaonyesha vichaka vidogo vya kijani juu yake, hivyo si vyake. Ni mmea wa kimelea unaopandwa na ndege wanaokula matunda yake na kuacha mbegu juu ya tawi. Ukateni pamoja na sehemu ya tawi ulikojishikiza, mapema iwezekanavyo.

Uyoga mgumu kwenye kitako cha shina

Uyoga mgumu uliojitokeza shinani kama rafu, karibu na ardhi, ndiyo dalili ambayo kamati haipaswi kuipuuza hata wiki moja. Kuvu zinazoutoa hula ndani ya mbao za shina na mizizi, na uyoga wenyewe hujitokeza baada ya kuvu kukaa humo kwa muda mrefu. Majani yanaweza kubaki mabichi na mengi, kwa kuwa njia za maji ziko karibu na gome, huku nguvu inayousimamisha mti ikiwa imekwisha. Hapa ndipo macho ya wengi hudanganyika: wanautetea mti wenye majani ya kupendeza ambao hauna mizizi ya kuushikilia, na kutaka ukatwe ule wenye matawi machache makavu ambao ungetibika.

Gongeni shina kwa nyundo ya mbao kuzunguka pande zote na msikilize. Mlio mzito na mfupi ni wa mbao nzima. Mlio wa ngoma ni wa uwazi. Uwazi peke yake si hukumu ya kifo, kwani miti mikongwe mingi huishi ikiwa tupu katikati. Kipimo kinachotumiwa na wakaguzi wa miti ni unene wa mbao nzima zilizobaki: unapokuwa chini ya takriban theluthi moja ya nusu kipenyo cha shina, hatari huongezeka sana. Kwa shina la kipenyo cha sentimita 60, nusu yake ni 30, na mbao nzima zisipofika sentimita kumi, mti huo uingizwe katika orodha ya kuondolewa, hasa ikiwa chini yake kuna kibanda, kituo cha matatu au njia ya watoto waendao shule.

Mchwa hulaumiwa mno. Kwa kawaida hufuata mbao zilizokwisha kufa, kwa hiyo njia zao za udongo juu ya gome zinawaonyesha mahali pa kugonga na kuchunguza. Kuwanyunyizia dawa hakurudishi mbao. Kuziba shimo la mti kwa saruji nako hakusaidii, maana maji hunaswa nyuma ya saruji na uozo huendelea usipoonekana. Na moto wa takataka unaowashwa kitakoni mwa mti, jambo ambalo lingali likifanyika mitaani mwetu, huua gome upande mzima na kuzifungulia mlango kuvu hizohizo.

Mti umeinama

Mti uliokua ukiinama tangu ujana, ukitafuta mwanga, kwa kawaida umejirekebisha: sehemu yake ya juu imenyooka tena na shina limenenepa upande unaobeba uzito. Huo unaweza kusimama miaka mingi. Mti wa kuogopwa ni ule uliokuwa wima na sasa umeinama wote kwa pamoja, kilele na shina katika mstari mmoja, huku ardhi ya upande wa pili ikiwa imepasuka au kuinuka.

Udongo una sauti kubwa katika jambo hili. Maeneo ya magharibi ya jiji, kama Lavington na Karen, yana udongo mwekundu wenye kina ambao huishika mizizi vizuri. Upande wa Embakasi, South C na sehemu nyingi za mashariki kuna udongo mweusi wa mfinyanzi ambao hupasuka nyufa pana wakati wa kiangazi na kuvimba ukawa laini wakati wa masika, kati ya Machi na Mei. Mti uliokatwa mizizi upande mmoja katika udongo huo huinama mvua ikiwa imenyesha mfululizo, kama ilivyokuwa katika masika ya mwaka 2024. Tundikeni timazi kando ya shina, pigeni picha mkiwa mmesimama mahali palepale, na mrudie baada ya kila mvua kubwa. Pengo kati ya timazi na shina likiongezeka, au ardhi ikiinuka, ondoeni magari, zungusheni kamba, wazuieni wapita njia na mwaarifu kaunti siku hiyohiyo.

Matawi yanaanguka ingawa shina ni zima

Sababu ya kwanza ni kukata kichwa, yaani kuufyeka mti wote juu kwa kimo kimoja ili usiguse nyaya au “usiwe mrefu sana”. Mti hujibu kwa kutoa machipukizi mengi yanayokua kwa haraka, ambayo yameshikwa na tabaka jembamba tu la mbao mpya juu ya kisiki cha tawi kinachooza. Baada ya miaka michache machipukizi hayo huwa matawi mazito yasiyo na msingi, na ndiyo yanayoangukia magari. Kwa maoni yangu, kazi hii inayofanywa kwa nia ya usalama imezalisha hatari nyingi kuliko umri wa miti. Sababu ya pili ni njiapanda nyembamba ambapo mashina mawili yamebanana na gome likamezwa katikati, kwa hiyo mbao hazikuungana. Ya tatu ni aina ya mti wenyewe: mikaratusi mikubwa inajulikana kuangusha matawi mazima hata siku isiyo na upepo, na haifai kusimama juu ya mahali pa kuegesha magari.

Tawi hukatwa kwa mikato mitatu. Wa kwanza huanzia chini, mbali kidogo na shina, ili gome lisichanike. Wa pili huangusha uzito. Wa tatu huondoa kibaki nje kidogo ya kile kivimbe kinachozunguka kitako cha tawi, kwa kuwa kivimbe hicho ndicho kitakachofunika kidonda. Msiache kibaki kirefu, wala msikate hadi kulingana na shina. Kupaka rangi au lami juu ya kidonda hakuzuii uozo. Wala isiondolewe zaidi ya robo moja ya majani ya mti kwa mwaka mmoja.

Mizizi inainua kabro na kupasua kuta

Mizizi hufuata unyevu na hewa. Bomba la majitaka lililojaa mizizi kwa kawaida lilikuwa limeanza kuvuja kwenye maungio kabla mizizi haijaingia, hivyo kuukata mti na kuliacha bomba bovu ni kuahirisha tatizo. Kwenye udongo mweusi, angalieni kama ufa wa ukuta hupanuka wakati wa kiangazi na kujifunga wakati wa mvua. Ukifanya hivyo, huenda udongo wenyewe ndio unaousukuma ukuta, na mti ukiondolewa ufa unaweza kubaki. Mifikasi ya mapambo iliyopandwa nusu mita kutoka ukutani ni jambo tofauti: hiyo haina suluhisho ila kuondolewa ikiwa ingali midogo.

Mahali ambapo mti ni mzima na njia ndiyo inayosumbuliwa, sogezeni njia. Mnamo Novemba 2020, mugumo mkongwe wa Waiyaki Way pale Westlands, ambao ulikuwa ung'olewe kupisha ujenzi wa Nairobi Expressway, uliokolewa kwa amri ya Rais Uhuru Kenyatta. Barabara ilijengwa na mti ungali umesimama. Ikiwa barabara kuu ya kitaifa iliweza kuupisha mti, njia ya kabro yenye upana wa mita moja na nusu haina udhuru.

Kuondoa

Mti unaostahili kukatwa ni ule wenye ubovu usiotibika, unaoendelea kuwa mbaya, na ulio mahali ambapo ukianguka utampata mtu. Sharti hilo la mwisho husahaulika. Mti uliooza katika kona isiyopitiwa unaweza kupunguzwa matawi ukaachwa, na ndege wa mashimoni wakafaidika.

Miti iliyo kwenye hifadhi ya barabara ni mali ya umma, hata kama ilipandwa na babu wa mkazi wa nyumba ya jirani. Ombeni kibali kwa idara ya mazingira ya Kaunti ya Nairobi, mkiambatisha zile picha na vipimo vya daftari. Panapokuwa na nyaya, Kenya Power izime umeme kwanza. Hakuna ustadi wa mkata miti unaoweza kuchukua nafasi ya waya uliozimwa. Usafirishaji wa magogo nao unahitaji kibali cha Huduma ya Misitu ya Kenya. Kagueni viota na mizinga, na nyuki wahamishwe na mfugaji wa nyuki.

Jihadharini na fundi anayejitolea kukata bure kwa malipo ya mbao. Atachagua mashina yaliyonyooka na mazima, kwa kuwa hayo ndiyo yenye soko, na kuwaachia yaliyooza. Mlipeni kwa kazi, kwa mapatano ya maandishi yanayotaja nambari za miti, mbao ni za nani, nani anazoa matawi, na nani anagharimia ukuta ukivunjika. Kisiki king'olewe, hasa cha mti uliouawa na kuvu za mizizini, kwani kuvu hizo huishi katika mizizi iliyobaki na kuuambukiza mche mpya. Mkaratusi na mjakaranda huchipua tena kisiki kikiachwa.

Mche mpya unakufa

Hapa ndipo juhudi nyingi hupotelea. Nchi ilipotenga Novemba 13, 2023 kuwa siku ya mapumziko ya kupanda miti, wakati ulichaguliwa vyema, kwa kuwa mvua ya vuli ilikuwa imeanza; lakini mvua hiyo humalizika Desemba, na Januari na Februari ni miezi ya jua kali. Mche uliopandwa na watu thelathini na kukosa mmoja wa kuumwagilia mwezi wa Januari haufiki masika.

Mche ukinyauka, ufukueni na mtazame mizizi. Ikiwa imejizungusha kwa umbo la mfuko, ulikaa kitaluni muda mrefu mno, na mizizi hiyo ingeunyonga hata kama ungekua. Mnaponunua, ombeni kuona mizizi ya mche mmoja kabla ya kulipa. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Mizizi ikiwa myeusi na yenye harufu mbaya, shimo lilituamisha maji, jambo la kawaida kwenye udongo mweusi ambapo jembe hulainisha kuta za shimo zikawa kama chungu. Shimo liwe na upana mara mbili au tatu ya bonge la udongo wa mche, lenye kuta zilizokwaruzwa, na kina kisichozidi bonge lenyewe. Mahali pa kugawanyikia mizizi paonekane juu ya ardhi. Shina likiwa na kidonda karibu na ardhi, limepigwa na panga la mfyeka nyasi au limetafunwa na mbuzi. Wekeni uzio mdogo na muondoe nyasi kwa mkono.

Iwapo miche imekufa mahali palepale ulipofia mti wa zamani, rudini kwenye sehemu ya mwongozo huu inayohusu ncha zinazokauka. Udongo ulioshindiliwa haujabadilika kwa sababu mti umebadilika. Pandeni mita mbili au tatu kando ya kisiki, kwenye udongo uliofunguliwa.

Uchaguzi wa aina unahusu pia mtaa mzima. Miti mingi ya mitaa ya Nairobi ilipandwa kwa mkupuo mmoja, aina moja, na sasa inazeeka kwa pamoja. Shamba la miti la Arboretum, lililoanzishwa mwaka 1907 kujaribu aina za kigeni zinazokua haraka kwa ajili ya kuni za reli, linaonyesha jinsi zamani ilivyotafutwa kasi. Madhara ya kutegemea aina moja yalionekana kidukari wa saiprasi, mdudu mdogo anayefyonza utomvu, alipofika Kenya mwaka 1990 na kukausha nyua na mashamba ya miti hiyo. Mtaalamu wa Marekani, Frank Santamour, alipendekeza mwaka huohuo kwamba mji usiwe na zaidi ya asilimia 10 ya aina moja, asilimia 20 ya jenasi moja (kundi la aina zinazokaribiana) na asilimia 30 ya familia moja (kundi la jenasi zinazokaribiana). Mtaa wenye miti arobaini hauwezi kufuata hesabu hiyo kikamilifu, lakini unaweza kuchanganya miti ya asili kama murarachi, muhuru, siala, mukinduri na mutamaiyu, ukapanda bohinia, mti mfupi wa maua, chini ya nyaya, na mgunga kwenye udongo mweusi mbali na njia za watoto kwa sababu ya miiba. Ondoeni miti mibovu kwanza, mpande badala yake katika masika yanayofuata, na mwache kundi la pili la miti mikongwe likisimama hadi miche ya kwanza ifikie kimo cha paa.

Kila mche uwe na nyumba inayowajibika, jina lake likiandikwa daftarini kando ya nambari ya mti. Ndoo moja ya lita 20 mara mbili kwa wiki katika miezi ya ukavu, kwa miaka miwili ya kwanza, inatosha. Maji yaliyofulia nguo yasiyo na dawa kali hayaudhuru. Kiguzo kifungwe kwa ukanda laini unaoruhusu shina kuyumba, nacho kiondolewe baada ya mwaka mmoja, kabla ukanda haujakata gome. Ukaguzi wa mtaa mzima urudiwe kila Februari, ili kibali kipatikane na kazi ikamilike kabla ya mvua ya Machi.